Wenzangu wanasema msanifu bila Mac si msanifu. Ninunue kompyuta gani?

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana ninayeishi kwa kazi za grafiki. Nasanifu nembo, vipeperushi, kadi za mialiko, mabango, na siku hizi majalada ya vitabu, ambayo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Kompyuta yangu ni mpakato ya zamani yenye Windows 10 na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8. Imechoka. Nikifungua jalada lenye picha nzito na leya nyingi (tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine), naweza kwenda kunawa uso nikarudi nikakuta duara bado linazunguka. Juzi ilinizimikia mteja akiwa kwenye simu anasubiri, na kazi ya asubuhi nzima ikapotea.

Nimedunduliza akiba inayotosha kununua kompyuta moja tu. Hapo ndipo nilipokwama, maana kila ninayemwuliza ana lake. Wasanifu wenzangu wanasema msanifu wa kweli anatumia Mac, kompyuta ya Apple, na kwamba mteja mkubwa akiona hiki ninachotumia hatanichukulia kwa uzito. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa mitandao, anasema nisitupe hela: niweke mfumo wa bure wa Linux, badala ya Windows, kwenye hii hii ya zamani, programu za bure zimejaa tele. Naye mchapaji ninayempelekea sehemu kubwa ya kazi zangu anatumia programu ya kusanifu ya CorelDRAW kwenye Windows. Mafaili yangu ya Corel huyafungua mwenyewe, akikuta kosa dogo la tarehe au namba ya simu analisahihisha hapo hapo, kazi inaendelea.

Kuna jambo jingine linaniuma. Nilisanifu jalada la kitabu cha mashairi lenye usuli wa buluu kali. Kwenye skrini lilipendeza mno, mwandishi akalikubali kwa furaha. Liliporudi kutoka kiwandani lilikuwa zambarau iliyofifia. Wenzangu wanasema ningekuwa na Mac yasingenikuta hayo. Ni kweli?

La mwisho nauliza kwa aibu. Programu ninazotumia sikuzinunua, niliwekewa na fundi. Nikipata kompyuta mpya, nifanyeje?

Ni mimi mdogo wako,
Msanifu Njia Panda

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na jalada, kwa sababu ndilo linalokuuma, na kwa sababu ukilielewa vizuri utajua pia hela yako iende wapi.

Buluu yako haikuharibiwa na Windows, na Mac isingeiokoa. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa sayani, majenta, njano na mweusi. Wino hizo nne hazifikii kila rangi ambayo mwanga unaifikia, na buluu kali ni miongoni mwa rangi zinazoachwa mbali. Ukisanifu kwa RGB, yaani rangi za mwanga, kisha faili likageuzwa kuwa CMYK, yaani wino hizo nne, kule kiwandani, buluu hiyo mara nyingi huangukia kwenye sayani na majenta zinazokaribiana kwa wingi. Na sayani 100 juu yake majenta 100 ni zambarau, hata uchape kwa mashine bora kuliko zote.

Kwa hiyo kazi ya kuchapwa ianze ikiwa CMYK tangu unapofungua hati mpya. Mwombe mchapaji profaili ya rangi (faili linaloeleza wino unavyotokea) anayoitumia kwa karatasi yake, uiweke kwenye programu. Buluu yako iachie pengo: sayani ikiwa 100, majenta isivuke 65 au 70. Kwenye Photoshop bonyeza Ctrl na Y (wenye Mac ni Command na Y) uone picha itakavyokaa kwenye wino. Utaiona buluu ikizimika mbele ya macho yako. Inakatisha tamaa, lakini afadhali ikukatishe hapo, wakati bado unaweza kuchagua buluu nyingine na mwandishi akaiona kabla ya kusaini.

Fanya na hili pia, maana limewasaidia wasanifu wengi. Mwombe mchapaji, siku atakapokuwa na karatasi yenye ukingo unaokatwa na kutupwa, akuchapie hapo visanduku sita vya buluu: vyote sayani 100, majenta ikianzia 50 na kupanda kwa kumi kumi hadi 100. Kila kimoja kiandikwe namba yake. Kipande hicho ukibandike karibu na skrini. Hapo utakuwa unachagua buluu kwa kuangalia wino wenyewe juu ya karatasi, na hakuna kompyuta inayoweza kukupa uhakika wa namna hiyo.

Sasa hilo la Mac. Usemi wa wenzako una asili yake, na kwa wakati wake ulikuwa kweli tupu. Macintosh ilitoka mwaka 1984. Mwaka 1985 ikapata printa ya LaserWriter iliyoelewa PostScript, lugha ya kuielezea printa ukurasa,, pamoja na programu ya PageMaker, na watu wakaanza kupanga kurasa za magazeti na vitabu mezani mwao. Illustrator, programu ya kuchorea nembo, ilizaliwa kwenye Mac mwaka 1987. Photoshop ya kwanza, mwaka 1990, ilikuwa ya Mac peke yake. Msanifu wa miaka ile asingekuwa na pengine pa kwenda. Lakini Photoshop iliingia Windows mwanzoni mwa miaka ya 1990, na CorelDRAW yenyewe ilizaliwa kwenye Windows mwaka 1989. Leo Photoshop, Illustrator na InDesign zinafanya kazi ile ile pande zote mbili, na faili la huku linafunguka kule.

Hata ile dhana kwamba rangi za Mac ni tofauti ina historia. Kwa miaka mingi Mac iliweka gama ya skrini (kipimo cha mng'ao wa rangi za kati) kwenye 1.8 huku Windows ikitumia 2.2, hivyo picha iliyosanifiwa kwenye Mac ilionekana nzito na ya giza zaidi ikifunguliwa kwenye Windows. Apple ilihamia 2.2 mwaka 2009. Tofauti ile iliisha, maneno yakabaki.

Simaanishi kwamba Mac haina sifa. Skrini za kompyuta zake mpakato ni nzuri tangu siku ya kwanza, zinaonyesha rangi nyingi na kwa usahihi ambao kompyuta nyingi za bei ya chini hazina. Tangu Apple ianze kutumia chipu zake za M mwaka 2020, mashine hizo ni kimya, hazipati joto ovyo, na betri inakaa. Ungeniambia umeajiriwa mahali ambapo kila mtu anatumia Mac, au kazi yako ni kusanifu programu za simu kwa Sketch, ambayo ni ya Mac tu, ningekuambia nunua Mac na usigeuke nyuma.

Tatizo ni RAM. Kwenye Mac hizi RAM imeunganishwa na chipu yenyewe, huwezi kuongeza baadaye. Utakayonunua ndiyo utakayokaa nayo hadi mwisho. Mwenye akiba ya kompyuta moja kwa kawaida anaishia kuchukua ile ya chini kabisa, yenye RAM ndogo na diski ndogo, kwa sababu kila hatua ya kupanda inaongeza bei sana. Anafurahi miezi ya mwanzo, kisha kazi zinakua na mashine haikui.

Hebu tufanye hesabu ya bango lako moja, uone kwa nini nasisitiza. Bango la A3 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) lina pikseli 3508 kwa 4961, zaidi ya milioni 17. Katika CMYK ya kawaida kila pikseli inabeba baiti nne. Leya moja iliyojaa ni kama MB 70. Weka leya 20 za namna hiyo, umeshafika GB 1.4, na hapo programu haijaweka kumbukumbu ya hatua zako za kurudi nyuma, Corel haijafunguliwa pembeni, na kivinjari chenye picha alizotuma mteja hakijahesabiwa. Windows yenyewe nayo inataka yake. RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski ikiwa ya zamani inayozunguka, ndipo unapopata muda wa kwenda kunawa uso.

Kwa hiyo, mdogo wangu, uamuzi wangu kwako ni huu: baki Windows. Kilichonifanya niamue hivyo ni mchapaji wako. Anapokea faili lako, analifungua, anasahihisha tarehe, kazi inakwenda. Uhusiano huo unakuletea riziki, na usiuvunje kwa sababu ya maneno ya watu. CorelDRAW ilirudi kwenye Mac mwaka 2019, ni kweli, lakini ungekuwa unalipa zaidi ili ufike pale pale ulipo leo.

Kama kazi zako nyingi unazifanyia sehemu moja, chukua kompyuta ya mezani. Kwa hela ile ile utapata mashine yenye nguvu zaidi kuliko mpakato, na itakuruhusu kuongeza RAM na diski kadiri utakavyoweza. Anza na RAM ya GB 16 ikibidi, ila GB 32 ndiyo itakayokupumzisha. Diski iwe SSD, ile isiyozunguka, isipungue GB 500, na usiijaze hadi ukingoni kwa sababu programu zinahitaji nafasi ya kufanyia kazi. Kadi ya picha isikutishe. Muuzaji atakuvutia kwenye kompyuta za michezo zenye taa za rangi na kadi kubwa, na hiyo kadi ndiyo itakayokula hela ya skrini. Kwa nembo, majalada na mabango ya bapa, kadi ya kawaida inatosha.

Skrini ndiyo naomba usiibanie hela. Kwenye karatasi ya sifa za mpakato nyingi za bei ya chini utaona wameandika 45% NTSC, kipimo cha wingi wa rangi. Maana yake inaonyesha kama theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, ambacho ni kipimo cha chini ambacho msanifu anapaswa kukidai. Nyekundu inaonekana imepauka, wewe unaikoleza, ikichapwa inakuwa kali kupita kiasi. Tafuta skrini ya IPS (aina ambayo rangi hazibadiliki ukiitazama kwa pembeni) iliyoandikwa 99% au 100% sRGB, ya inchi 24 au 27. Ukiipata, shusha mwangaza. Kwa kazi za kuchapwa, mwangaza wa kama kandela 100 hadi 120 kwa mita ya mraba unatosha, na skrini mpya nyingi zinatoka zikiwa juu sana ya hapo. Wengi wanaolalamika kwamba kazi zao zinarudi na giza walikuwa wanasanifu mbele ya skrini inayowaka kama taa ya gari. Zima pia ule mpangilio wa usiku unaofanya skrini iwe ya manjano. Watu huuacha umewashwa wakachagua rangi juu yake bila kujua. Kifaa cha kupimia rangi za skrini ni cha kununua kwa kuchangiana na hao hao wasanifu wenzako, kwa sababu kila mmoja anakihitaji mara moja moja tu.

Ikiwa lazima utembee na kazi kwa wateja, basi chukua mpakato ya Windows yenye RAM ya GB 16 ambayo bado ina nafasi ya kuongeza, na skrini hiyo ya IPS uiweke nyumbani. Rangi uamue kwenye skrini kubwa.

Kuhusu mteja mkubwa na alama iliyo nyuma ya kompyuta: mteja huona PDF. Mpe PDF/X, yaani PDF ya kuchapia, iliyo safi, yenye fonti zilizofungwa ndani au zilizogeuzwa kuwa mistari, yenye milimita tatu za ziada za kukatia kila upande, na maandishi meusi yakiwa wino mweusi peke yake. Faili la namna hiyo halimwambii mtu limetoka kwenye kompyuta gani. Ukikutana na mteja mwenye Mac, angalia mambo mawili madogo ambayo ndiyo husumbua kweli. Diski ya nje iwe na mfumo wa kupanga mafaili wa exFAT, kwa sababu ile ya NTFS, mfumo wa Windows, Mac inaisoma bila kuweza kuandika. Na majina ya mafaili yasiwe na nukta mbili, alama ya kuuliza wala mkwaju.

Hilo la programu usione aibu kuliuliza, wengi wako hapo ulipo na hawathubutu kusema. Lakini liishe na kompyuta hii ya zamani. Programu zilizovunjwa mara nyingi huja na virusi vya kuiba nywila, na wewe unahifadhi kazi za watu ambazo hazijatoka hadharani. Haziwezi kusasishwa ipasavyo. Na mteja mkubwa unayemtaka anaweza kukuuliza kuhusu leseni kabla hajasaini mkataba.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mashine, toa kwanza hela ya leseni kwenye akiba, kinachobaki ndicho cha kompyuta. Wengi hufanya kinyume, wakamaliza yote kwenye mashine. Wewe lipia moja, ile inayokulisha, yaani CorelDRAW. Kwa picha na majalada, jaribu programu ya Affinity. Kampuni ya Canva iliinunua mwaka 2024, na mwaka 2025 ikaanza kuitoa bure kwa Windows na Mac. Inafanya kazi kwa CMYK, inatoa PDF/X, na inafungua mafaili ya PSD, yaani ya Photoshop, ingawa baadhi ya athari za Photoshop zinaweza kubadilika sura, hivyo pitia majalada yako ya zamani moja moja. Adobe, wenye Photoshop, tangu mwaka 2013 wanataka malipo ya kila mwezi au mwaka. Ukija kuihitaji, si lazima uchukue furushi zima, na leseni moja unaruhusiwa kuiweka kwenye kompyuta mbili, hata moja ikiwa Windows na nyingine Mac, ilimradi huzitumii kwa wakati mmoja.

Kaka yako tusimsahau, maana ana hoja. Krita ni programu nzuri sana ya kuchora kwa mkono, Inkscape inatosha kwa nembo nyingi, na Scribus inapanga kurasa kwa CMYK na kutoa PDF/X. Mchoraji wa picha za vitabu vya watoto anayetumia Krita kutwa nzima ningemwambia ahamie Linux hata leo. Wewe huko hutaipata Photoshop wala CorelDRAW ya sasa, na faili la Corel likifunguliwa ndani ya Inkscape mambo huhama mahali pake. Ila programu hizo zote zipo pia kwa Windows, kwa hiyo unaweza kuzijaribu taratibu kwenye mashine mpya bila kuhatarisha kazi ya mteja yeyote.

Na mpakato ya zamani usiiuze. Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kama kompyuta yako ina prosesa ya Intel iliyo chini ya kizazi cha nane, au haina chipu ya usalama ya TPM 2.0, haitapokea Windows 11 kwa njia rasmi. Hapo ndipo ushauri wa kaka yako unapofaa hasa. Lakini kabla hajaigusa, fungua kila kazi ya zamani, uitoe kama PDF, unakili fonti ulizo na haki ya kuzitumia, na uweke vyote kwenye diski ya nje. Kisha mwombe aiwashe Linux kutoka kwenye USB bila kufuta kitu, muone kama wifi na kipanya vinaitika. Vikiitika, aiweke, na kompyuta hiyo iwe ya kupokea barua pepe za wateja na kuhifadhi nakala ya pili ya kila kazi unayoimaliza jioni, ili mashine mpya nayo ikizimika siku moja, asubuhi yako isipotee tena.